Mgongo Haunyooki kwa Amri

Fundi cherehani huijua miili ya watu kwa futi kamba. Tunapima urefu wa mgongo kutoka shingoni hadi kiunoni, kisha tunapima mbele kutoka begani hadi kiunoni, na tofauti ya vipimo hivyo viwili hutueleza jinsi mtu anavyosimama. Aliyepinda mgongo huhitaji kitambaa kirefu zaidi nyuma, na fundi asipoliona hilo gauni litapanda nyuma, litaning'inia mbele, na kola itaachana na shingo. Nimeshona hapa Tanga kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, sare za shule, kanzu, madera na magauni ya harusi, na nimewafundisha kazi hii wasichana wengi. Mwanafunzi wangu mmoja aliponipima ili anishonee gauni la Idi, aliandika kwenye daftari vipimo ambavyo nimezoea kuviandika kwa wateja wanaonizidi umri kwa mbali.

Nilikuwa nimeshavuka miaka 50, na dalili nyingine zilikuwepo kwa muda mrefu. Ifikapo alasiri shingo ilikuwa ikiwaka moto, na katikati ya mabapa ya mabega palikaa maumivu mazito ambayo hayakuniacha hadi nilale. Tulifundishwa tangu madrasa kwamba mtu akirukuu, yaani akiinama katika swala, mgongo wake ulale sawa, kichwa kisiinuliwe wala kisiteremshwe, nami niliona wazi kwamba sehemu ya juu ya mgongo wangu ilibaki imepinda hata nikijitahidi vipi. Watu wa nyumbani walinisaidia kwa njia waliyoijua, yaani kunikumbusha. Kila aliyepita karibu na cherehani alisema, "Mama, kaa wima," nami nilitoa kifua mbele na kurudisha mabega nyuma. Lakini baada ya dakika chache misuli ilichoka, macho yakaifuata sindano, na mwili ukarudi pale pale ulipokuwa.

Aliyebadilisha mambo ni binti wa dada yangu, ambaye kwangu ni mwanangu. Alisomea fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, huko Moshi na anafanya kazi hiyo hospitalini. Alipokuja kututembelea alinitazama nikishona kwa muda mrefu bila kusema neno, kisha akasema, "Mama mdogo, mgongo haunyooki kwa amri. Ukiuamrisha, utakutii kwa dakika tano. Ukiupa nguvu, na ukiuondolea sababu ya kuinama, utanyooka hata ukiwa umeusahau." Ninachoeleza hapa ni jinsi nilivyoyafanyia kazi maneno hayo nyumbani, kwa ukuta, mkeka, taulo na kipande cha tyubu ya baiskeli, bila kununua kifaa chochote cha mazoezi.

Kwanza alinieleza kile nilichokuwa nikijaribu kukirekebisha, na ninaona maelezo hayo yalikuwa na faida kubwa, kwa sababu mtu anayejua misuli ipi anaifanyisha kazi hafanyi zoezi ovyo. Uti wa mgongo una pingili 33. Kati ya hizo 7 ni za shingo, 12 ni za kifua na 5 ni za kiuno. 5 nyingine zimeungana kuwa mfupa mmoja nyuma ya nyonga, na mara nyingi 4 za mwisho ndizo zinazofanya kifandugu. Pingili hizo hazikupangwa kwa mstari ulionyooka kama rula. Shingo ina mpindo wa kuingia ndani, mgongo wa juu una mpindo wa kutoka nje, na kiuno kinaingia ndani tena, na mipindo hiyo ni ya asili na ina kazi yake. Tatizo la mtu wa kazi kama yangu ni kwamba mpindo wa juu umezidi na kichwa kimetangulia mbele. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5 hivi. Kinapokaa juu ya mabega, mifupa hukibeba, lakini kinapotangulia mbele, misuli ya nyuma ya shingo hulazimika kukivuta siku nzima ili kisidondoke. Wakati huo huo misuli ya kifua huzoea kuwa mifupi, misuli iliyo kati ya mabapa ya mabega hunyooshwa hadi ikalegea, na misuli ya mbele ya nyonga hukakamaa kwa sababu ya kukaa.

Aliniambia pia jambo ambalo sikulitarajia, kwamba wataalamu wa siku hizi hawaamini kuwa upo mkao mmoja sahihi ambao mtu akiushika atasalimika na maumivu. Wapo watu waliopinda wasioumwa, na wapo walionyooka wanaoumwa. Kinachouchosha zaidi mwili ni kubaki katika mkao ule ule kwa saa nyingi, hata kama mkao wenyewe ni mzuri. Kwa hiyo lengo tuliloliweka lilikuwa mgongo wenye nguvu za kutosha na wepesi wa kutosha kukaa namna nyingi, na kunyooka kungekuja kukifuata.

Kabla ya zoezi lolote tuliitengeneza sehemu ya kazi. Cherehani yangu ilikuwa imeelekea ukutani huku dirisha likiwa nyuma yangu, hivyo kivuli changu kilianguka juu ya sindano, na ili nione nilikuwa nikiinama kukifuata kitambaa. Tuliizungusha ili mwanga uingie kutoka kushoto, ambako mkono wa cherehani hauuzibi. Kiti tulikiinua kwa mto mnene nilioushona na kuujaza mabaki ya vitambaa, hadi nyonga zikawa juu kidogo ya magoti, nikasogea karibu na meza badala ya kukaa mbali na kujinyoosha kuifuata kazi. Meza ya kukatia iliwekewa vipande vya matofali chini ya miguu yake ikafika usawa wa kiuno. Mafundi wengi, mimi nikiwa mmoja wao, tumekata vitambaa sakafuni au kwenye meza fupi kwa miaka mingi, na mgongo ndio uliolipa. Kazi ya mkono, kama kushona pindo au kutia vifungo, sasa naiweka juu ya mto mapajani, ili kazi ipande kuelekea machoni badala ya kichwa kushuka kuifuata.

Halafu kulikuwa na macho. Watu wengi wakishafika miaka 40 na kitu hupungukiwa na uwezo wa kuona vitu vya karibu, na fundi ambaye hajakubali miwani hujisaidia kwa shingo, leo akisogeza uso kwenye sindano, kesho akiurudisha nyuma, huku akikunja mabega. Nilipimwa macho nikapata miwani ya kusomea, na nasema bila kusita kwamba hakuna zoezi lililoipunguzia shingo yangu mzigo kwa haraka kama miwani ile. Naliweka jambo hili mbele kwa sababu nimekutana na wanawake wengi wanaofanya mazoezi kwa bidii huku wakiishi ndani ya sababu ile ile inayowapinda kwa saa nane kila siku.

Kipimo cha kuanzia kilikuwa ukuta. Unasimama visigino vikiwa umbali wa vidole vinne hivi kutoka ukutani, makalio na mabapa ya mabega yakiugusa, kisha unaangalia kama kisogo kinagusa bila kuinua kidevu juu. Changu hakikugusa. Mwanangu alipima nafasi iliyobaki kwa futi kamba yangu mwenyewe, akaandika kwenye daftari la wateja, na kwangu kipimo hicho kilikuwa bora kuliko kioo, kwa sababu mtu akijitazama kwenye kioo hujinyoosha papo hapo.

Zoezi la kwanza halikuhitaji nguvu hata kidogo. Unaviringisha taulo likawa nene kama mkono wa mtu, unalilaza kwa upana juu ya mkeka, kisha unalala chali taulo likiwa chini ya mabapa ya mabega, magoti yakiwa yamekunjwa na mikono imetandazwa pembeni, viganja vikitazama juu. Unapumua taratibu kwa dakika 2 au 3. Uzito wa mwili wenyewe hufungua kifua na kuirudisha ile sehemu ya mgongo iliyozoea kupinda. Siku za mwanzo kisogo changu hakikufika chini, hivyo niliwekewa kanga iliyokunjwa, na kadiri nilivyolegea niliipunguza mikunjo. Asiwepo mtu anayejilazimisha hapa. Shingo ikining'inia hewani, kitambaa hakitoshi.

La pili ni kuvuta kidevu nyuma. Watu wengi wakielezwa zoezi hili huinamisha kichwa au hukiinua, na vyote viwili si vyenyewe. Macho yanabaki usawa ule ule, kidevu kinarudi nyuma kwa mstari, na mtu anahisi kisogo kikirefuka kuelekea juu. Unashikilia kwa sekunde 5, unalegeza, unarudia mara 10. Nilianza nikiwa nimelala, nikisukuma kisogo kwenye mto, baadaye nikafanya nikiwa nimekaa kwenye cherehani kila nilipomaliza mshono mrefu. Misuli midogo iliyo mbele ya shingo, ambayo kwa mtu wa kazi yetu huwa imelala kabisa, ndiyo inayoamshwa, na uchovu unaohisiwa chini ya kidevu ni dalili kwamba imeanza kazi.

La tatu nitalieleza kwa kirefu, kwa maana naamini ndilo lililonibadilisha zaidi. Nilikata tyubu kuukuu ya baiskeli kwa urefu nikapata mkanda wa upana wa vidole viwili, nikaupitisha kwenye nondo za dirisha usawa wa kifua, nikashika ncha mbili, moja kila mkono. Unasimama miguu ikiwa imeachana kidogo, magoti yakiwa laini, kisha unavuta viwiko nyuma vikipita karibu na mbavu hadi mabapa ya mabega yakaribiane. Unatulia kidogo, halafu unarudisha mikono mbele taratibu. Neno taratibu ndilo lenye thamani. Mwanzoni nilikuwa nikivuta vizuri na kuachia tyubu inirudishe yenyewe, lakini misuli hujengwa pia wakati wa kurudi, inapouzuia mkanda usikimbie. Mabega yasipande kuelekea masikioni. Yakipanda, tyubu ni ngumu mno, au mtu amesimama mbali mno na dirisha. Mara 10 hadi 12, kupumzika kidogo, kisha mzunguko wa pili, na baada ya wiki kadhaa wa tatu. Zoezi lilipokuwa jepesi nilirudi hatua moja nyuma ili mkanda ukaze zaidi, kwa kuwa misuli isiyoongezewa mzigo hubaki ilivyo. Kabla ya kufunga mkanda, mtu akague nondo kama zimeshika, na aitazame tyubu kama ina nyufa, maana ikikatika inaweza kumpiga usoni.

Mlango ulitumika kunyoosha kifua: unaweka mkono mmoja kwenye fremu, kiwiko kikiwa usawa wa bega, unapiga hatua ndogo mbele na kusubiri sekunde 20 hadi 30, kisha upande wa pili. Kwa kiuno na makalio nililala chali nikainua nyonga juu, nikikaza makalio na kushusha polepole. Nilipiga pia magoti na viganja juu ya mkeka, nikanyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto kwa wakati mmoja, halafu kinyume chake, tumbo likiwa limekazwa ili kiuno kisidondoke chini. Zoezi hilo la mwisho huonekana la kitoto, lakini mara ya kwanza nilitetemeka mwili mzima. Kwa nyonga zilizokakamaa kwa kukaa, nilipiga goti moja chini juu ya kanga iliyokunjwa, mguu mwingine ukiwa mbele, nikasukuma nyonga mbele polepole hadi nikahisi mvuto mbele ya paja.

Tulikubaliana juu ya maumivu tangu siku ya kwanza. Kuvutika, kuchoka na uchungu mdogo wa misuli siku inayofuata ni mambo ya kawaida. Maumivu makali kama ya kuchomwa, au yanayoshuka mkononi au mguuni, au ganzi, ni sababu ya kuacha mara moja na kutafuta ushauri.

Nilichagua kufanya mazoezi baada ya swala ya alfajiri, mkeka wa kuswalia ukikunjwa na wa mazoezi ukitandikwa, kabla nyumba haijaamka na kabla mteja hajabisha hodi. Muda wote haukuzidi robo saa. Naamini nisingedumu kama ningesubiri muda wa ziada upatikane, kwa sababu katika nyumba yenye wajukuu na duka la ushonaji muda wa ziada haupatikani. Mwanangu alinitahadharisha kwamba misuli kwa kawaida huchukua wiki 6 hadi 8 kabla ya kuonyesha mabadiliko ya kweli, na tahadhari hiyo ilinisaidia sana, maana kwa wiki za mwanzo ukuta haukunionyesha chochote. Mazoezi ya nguvu niliyafanya siku moja na kuruka moja ili misuli ipumzike, na yale ya kunyoosha kila siku. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima waimarishe misuli yao angalau siku 2 kwa wiki, pamoja na dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani, kama kutembea kwa haraka. Kwa hiyo nikaacha kupanda bodaboda kwenda sokoni, nikawa naenda kwa miguu.

Jirani mmoja niliyemheshimu aliniambia kwa upole kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, na mtu wa umri wangu ashukuru alipofika. Nilimwelewa, lakini katika jambo hili sikubaliani naye. Misuli ya binadamu huendelea kuitikia mazoezi hata katika miaka ya 70 na zaidi. Inaitikia polepole kuliko ya kijana, ila inaitikia. Mama mzee anayeambiwa kwamba muda wake umepita hunyang'anywa kitu ambacho bado ni chake, na hilo linanihuzunisha kila ninaposikia likisemwa kwa wanawake wenzangu.

Wateja wengine walipoona nimebadilika waliniomba niwashonee mikanda ya kunyoosha mgongo, ile inayopita mabegani na kufungwa nyuma. Ningeweza kuishona vizuri na ningepata fedha. Nimekataa, kwa sababu mkanda hufanya kazi ambayo misuli ilipaswa kuifanya, na ukivuliwa mtu hubaki na udhaifu wake. Nawapa kipande cha tyubu na kuwaonyesha dirisha.

Lipo jambo ambalo mtu wa huku kwetu hana budi kulijua kabla ya kutandika mkeka. Si kila mgongo uliopinda umepindwa na kazi. Kifua kikuu hakishambulii mapafu peke yake; kinaweza kuingia kwenye pingili za mgongo, kikazila na kuacha kibiongo chenye ncha. Mtu mwenye maumivu ya mgongo yasiyopungua hata akilala, akawa na homa za jioni, kutokwa jasho usiku au kupungua uzito, asianze mazoezi, aende hospitali. Ugonjwa huo una dawa, na katika vituo vya serikali nchini Tanzania matibabu yake hutolewa bure. Vivyo hivyo kwa mtu aliyeanguka, au miguu yake imeanza kukosa nguvu, au amepoteza uwezo wa kuzuia haja. Huyo asisubiri hata kesho. Na mama aliyekwisha kukoma hedhi, ambaye kimo chake kimepungua kwa namna inayoonekana, aulizie afya ya mifupa yake kwanza, kwani mifupa iliyopungua uimara huweza kuvunjika kwa mazoezi ya kuinama mbele kwa nguvu.

Kwangu mimi mpindo wa juu haukuondoka wote, na mwanangu alisema wazi kwamba sehemu yake imekwisha kuwa ya mifupa na viungo, si ya misuli. Lakini kisogo sasa kinafika ukutani nikivuta kidevu vizuri, shingo haiwaki moto alasiri isipokuwa siku za kazi nyingi kupita kiasi, na nikirukuu mgongo unalala karibu na nilivyofundishwa. Mwanafunzi aliponipima tena kwa gauni jingine, kipimo cha nyuma kilikuwa kimepungua na cha mbele kimeongezeka.

Wasichana ninaowafundisha sasa wanaanza na kiti kabla ya kuanza na uzi. Kila mmoja hupimiwa urefu wa kukaa, na kila nguo moja inapokamilika wote husimama, huvuta tyubu mara 10 na kunywa maji. Miezi mibaya kwetu ni Desemba na Januari, wakati wa sare za shule, ambapo tunashona hadi usiku na robo saa ya alfajiri hupotea. Katika miezi hiyo sijaribu kufanya yote. Nabakiza taulo usiku kabla ya kulala, kidevu kati ya mshono na mshono, na tyubu mchana, kwa kuwa hayo matatu hugusa sehemu zinazoumizwa zaidi na cherehani, na mengine nayarudia Februari.